Jua Tunalo, Nani Atafuta Vioo?

Hapana kitu tulichojaliwa kwa wingi katika nchi zetu kuliko jua. Halilipiwi ushuru mpakani, halishushwi bandarini, wala hakuna tajiri awezaye kulificha ghalani ili bei ipande. Lakini yafaa tuseme mapema kwamba wingi wa kitu si sawa na kuwa nacho mkononi. Mvua nayo hunyesha kwa wote, na asiyekinga hulala na mtungi mtupu.

Leo twataka kueleza kazi moja ya jua ambayo yasemwa sana na kufahamika kidogo. Kazi yenyewe ni kuikusanya miali yake kwa vioo, kuyapasha moto maji au mafuta yaliyomo ndani ya mabomba, na kwa joto hilo kuyakeneka maji ya chumvi hata yakawa matamu. Kukeneka ni kuyageuza maji kuwa mvuke, kisha kuupoza mvuke ule urudi kuwa maji, na chumvi na uchafu mwingi vikabaki nyuma. Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya vitabuni tu. Wako wengine wasemao kwamba siku mitambo hiyo itakapoletwa, shida ya maji itakuwa imekwisha. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimepotea, na zimepotea kwa sababu moja: hazikupiga hesabu.

SUFURIA YA JIKONI

Hesabu yenyewe kila mama anaijua, ingawa hakuiandika. Akiteleka maji jikoni, hayachukui muda mrefu kuchemka. Lakini akiyaacha mekoni mpaka yakauke yote, kuni zitakwisha kabla ya maji kwisha. Maji ya kisima yahitaji joto fulani ili yafike kwenye kuchemka. Na yakisha kuchemka, yahitaji joto la mara saba na zaidi kuliko lile la kwanza ili yote yageuke mvuke. Hiyo ndiyo gharama ya kukeneka, na hakuna ujanja wa kuikwepa.

Kwa kipimo cha mita ya umeme, lita moja ya maji yataka zaidi ya nusu ya uniti moja ili iwe mvuke. Ndoo ya lita 20 yataka zaidi ya uniti 12. Sasa tulipime jua. Saa sita mchana, mbingu ikiwa nyeupe, mita moja ya mraba ya ardhi hupokea joto lipatalo kilowati moja. Kwa siku nzima, mahali pakavu penye jua zuri, hupata uniti tano au sita. Basi mtu akijenga beseni lenye paa la kioo, akatia maji ya chumvi, akaliacha juani, hawezi kutumaini zaidi ya lita tatu hadi tano kwa siku katika kila mita ya mraba. Nusu ya joto hupotea njiani, na iliyosalia ndiyo hufanya kazi.

Hayo si machache kwa mwenye kiu. Lakini si mto. Mtu akijua jambo hili hawezi kudanganywa na muuzaji wa mitambo, wala hatavunjika moyo bure.

NYUMBU WA LAS SALINAS

Wala tusidhani kwamba beseni la kioo ni uvumbuzi wa jana. Mwaka 1872, katika jangwa la Atacama, mahali ambapo leo ni nchi ya Chile, mhandisi mmoja aitwaye Charles Wilson alijenga mabeseni ya mbao yenye mapaa ya kioo huko Las Salinas. Yalienea eneo la zaidi ya mita za mraba 4,000. Pale palikuwa na machimbo ya shura, na maji ya visima yalikuwa na chumvi kali kuliko ya bahari. Nyumbu waliokokota magari ya shura hawakuweza kuyanywa, wala wachimbaji hawakuweza. Mabeseni yale yalitoa zaidi ya lita 20,000 kwa siku ya jua kali, yaani zile lita tano zetu kwa kila mita ya mraba. Hesabu ya jikoni na hesabu ya jangwani ni hesabu moja.

Yalitumika kwa miaka mingi. Ndani yake hamkuwa na chombo cha ajabu: mbao, vioo, na maji. Palikuwa pia na watu waliotakiwa kuyakosha mabeseni ili chumvi isigande, na kuziba kila ufa ambamo mvuke ungetoroka. Jambo hili la watu tutalirudia.

VIOO HAVIONGEZI JUA

Huenda msomaji akauliza: ikiwa beseni latosha, vioo vya kukusanya miali vina faida gani? Hapa ndipo wengi hukosea. Wadhani kwamba kioo kilichopindwa huliongeza jua. Hapana. Kioo chenye eneo la mita nne za mraba hakiwezi kutoa zaidi ya jua la mita nne za mraba. Kazi yake ni kulikusanya na kulielekeza mahali pamoja, kama vile mtoto afanyavyo kwa kipande cha lenzi hata karatasi ikaungua. Jua ni lile lile. Ila lililokuwa limetawanyika sasa limekutana.

Faida yake ni hii. Beseni pana hupata uvuguvugu, na uvuguvugu hukimbia upesi kwa upepo. Lakini vioo vilivyopindwa mfano wa hori la kunyweshea ng'ombe, vikiielekeza miali yote juu ya bomba moja jembamba, hulipasha bomba lile hata mafuta yaliyomo ndani yakafika nyuzi 300 na zaidi. Joto kali la namna hiyo laweza kuendesha mashine, kuchemsha boila, kutia mvuke kiwandani, au kuwekwa katika tangi lenye kuta nene litumike usiku. Uvuguvugu hauwezi kazi hizo.

Lakini kila faida ina masharti. Hori lile la vioo sharti ligeuzwe lifuate jua toka mashariki hadi magharibi; likisahauliwa kidogo, miali huangukia nje ya bomba. Tena vioo hukusanya miali iliyonyoka tu. Mawingu mepesi au ukungu vikiitawanya miali, mwanga waweza kuwapo na joto lisikusanyike. Kwa sababu hiyo nyanda kavu za Dodoma, Singida na Turkana zafaa kwa kazi hii kuliko pwani yenye mawingu na unyevu, ingawa mtu wa pwani ndiye aonaye jua likimchoma zaidi. Sharti la tatu ni vumbi. Kioo chenye vumbi ni bati.

MAADI, 1913

Sasa tusimulie habari ambayo yafaa ikumbukwe na kila mtu katika Afrika. Frank Shuman alikuwa Mmarekani wa Philadelphia, mvumbuzi aliyejipatia fedha kwa kutengeneza kioo chenye waya ndani. Aliona kwamba makaa ya mawe ni ghali katika nchi za joto, kwa kuwa huletwa kwa meli toka mbali, hali jua la nchi hizo hupotea. Akaja Misri, akajenga mtambo wake Maadi, kusini ya Kairo, karibu na mto Nile.

Aliweka mahori matano ya vioo, kila moja lenye urefu wa mita 62 na upana wa mita nne. Shauri la kutumia umbo la hori lilitolewa na mtaalamu wa Uingereza, Charles Vernon Boys. Katika kila hori mlipita boila jembamba lenye maji. Mara ya kwanza, mwaka 1912, mabomba ya boila yalikuwa ya zinki, nayo yakalegea kwa ukali wa joto. Mafundi wakayaondoa, wakatia ya chuma cha kusubu. Mwaka 1913 mtambo ukawashwa mbele ya wakubwa wa serikali na wageni wengi. Ukaendesha pampu iliyovuta maji ya Nile na kuyamwaga mashambani, zaidi ya lita 20,000 kwa dakika moja. Kilichoendesha pampu hiyo kilikuwa mvuke uliopikwa na jua tupu, bila kipande cha kuni wala cha makaa.

Wakubwa wakafurahi. Lord Kitchener, aliyeiwakilisha Uingereza katika Misri wakati ule, akataka mtambo kama huo kwa mashamba ya pamba ya Sudan. Wajerumani nao wakatamani wa kwao kwa makoloni yao ya Afrika. Hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Jua lilikuwa la Afrika, maji ya Afrika, na jasho la shambani la Mwafrika. Lakini pamba ilikuwa ya viwanda vya Ulaya. Mtambo mzuri hauulizi unamtumikia nani. Swali hilo sharti liulizwe na watu.

Mwaka 1914 vita kuu vikazuka. Mafundi waliouendesha mtambo wa Maadi walikuwa wageni, nao waliitwa makwao kufanya kazi za vita. Vioo vikabaki bila mwangalizi, na baadaye mtambo ukavunjwa. Shuman mwenyewe alifariki mwaka 1918, kabla vita havijakwisha. Vita vilipokwisha, dunia ilikuwa imegeukia mafuta ya petroli, yaliyokuwa rahisi kuchimba na rahisi kubeba.

Twasema wazi: mtambo wa Maadi haukushindwa na jua. Jua la Misri liliendelea kuwaka mwaka 1915 kama lilivyowaka mwaka 1913. Ulishindwa kwa sababu ujuzi wake uliondoka na watu waliopanda meli. Laiti vijana wa Maadi wangalifundishwa kulehemu mabomba yale na kuyageuza mahori yale, huenda historia ya nguvu za jua ingalianza kuandikwa Afrika miaka sabini mapema.

Kwani mitambo ya namna ile ile ilijengwa tena, tena mikubwa zaidi. Katika jangwa la Mojave, California, vituo tisa vya mahori ya vioo vilijengwa kati ya mwaka 1984 na 1990, vikatoa umeme kwa miaka mingi. Moroko ilifungua sehemu ya kwanza ya kituo chake cha Ouarzazate mwaka 2016, yenye nguvu za megawati 160. Nchini Oman, penye ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, mtambo wa Miraah ulianza mwaka 2017 kupika mvuke katika eneo la Amal. Vioo vyake viliwekwa ndani ya nyumba za kioo ili visipigwe na upepo wa mchanga, na mapaa yake yalikoshwa kwa mashine. Mvuke ule ulishindiliwa chini ya ardhi ili kuyalainisha mafuta mazito yapate kupanda. Naam, jua liliajiriwa kuchimba petroli! Hata hapo fundisho lapatikana: mwenye kiwanda akihitaji mvuke, jua laweza kumpikia.

JOTO MOJA, KAZI KUMI

Turudi kwenye maji. Tumesema kwamba ndoo moja yataka uniti 12 na zaidi. Je, hakuna njia ya kuyapunguza? Ipo, na ndiyo akili kubwa kabisa katika kazi hii yote.

Mvuke unapogeuka kuwa maji, huitoa ile gharama yote uliyoichukua. Weka mkono juu ya birika linalochemka nawe utaamini. Mvuke huunguza kuliko maji yenyewe. Katika beseni la kioo joto hilo hutoka nje kupitia paa na kupotea. Lakini fundi mwenye akili huupitisha mvuke wa chombo cha kwanza katika mabomba yaliyomo ndani ya chombo cha pili. Hapo mvuke hupoa na kuwa maji matamu, na joto linalotoka huyachemsha maji ya chumvi ya chombo cha pili. Mvuke wa pili huingia chombo cha tatu, na kuendelea hivyo hivyo. Joto moja hufanya kazi mara nyingi, kama shilingi inayopita mikono mingi sokoni.

Lakini je, mvuke uliokwisha kupungua moto utachemshaje maji mengine? Jibu analo mpagazi wa Kilimanjaro. Yeye ajua kwamba huko juu maji huchemka upesi lakini maharagwe hayaivi. Hewa ikiwa nyepesi, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kileleni huchemka chini ya nyuzi 85. Basi katika kila chombo fundi huipunguza hewa kwa pampu, na maji huchemka kwa nyuzi 70, kisha 60, kisha 50, mpaka kufikia joto la mchana wa kawaida.

Mtambo wa namna hiyo ulijengwa mwaka 1988 karibu na Tabernas, jimbo la Almería, kusini ya Hispania, katika kituo cha serikali cha kuchunguza nguvu za jua. Mahori ya vioo yalipasha mafuta. Mafuta yakawekwa katika tangi kubwa. Na joto la tangi likaviendesha vyombo 14 vilivyopangwa kwa safu. Ulitoa maji matamu mita tatu za ujazo kwa saa, yaani lita 3,000. Joto lile lile lilitumika kiasi cha mara kumi, hata ndoo iliyotaka uniti 12 ikatosheka na uniti moja na kitu. Jua halikuongezwa hata kidogo. Lililoongezwa ni matumizi yake.

TUSEME NA UPANDE WA PILI

Mwandishi asemaye upande mmoja tu humfanya msomaji mtoto. Basi tuseme na upande wa pili.

Iko njia nyingine ya kuyatoa maji katika chumvi. Maji ya bahari husukumwa kwa nguvu nyingi yapite katika utando mwembamba mno, na chumvi huzuiwa. Hapa maji hayageuki mvuke, kwa hiyo ile gharama kubwa hailipwi. Mitambo mikubwa ya siku hizi hutumia uniti tatu au nne tu kwa kila lita 1,000. Kukeneka kwa beseni kwataka zaidi ya uniti 600 za joto kwa maji hayo hayo, na hata vyombo 14 vya Almería vyataka zaidi ya 60. Tena bao za umeme wa jua zimeshuka bei sana katika miaka ya karibuni, nazo hufanya kazi hata mawingu yakiwapo. Huko Kiunga, katika Lamu, mwaka 2018 uliwekwa mtambo wa namna hiyo, unaosafisha maji ya chumvi kwa umeme wa jua. Mji wenye watu wengi na bahari mlangoni, ukitaka maji mengi, usidharau njia hiyo.

Je, basi vioo na kukeneka vitupwe? La. Utando nao una yake. Huziba upesi maji yakiwa machafu, hushindwa chumvi ikizidi mno, na ukichakaa haufumwi na fundi wa mtaani. Sharti uagizwe ng'ambo kwa fedha za kigeni. Panga na jembe vyote ni chuma, lakini hakuna apaliliaye kwa panga. Kazi ndiyo ichague chombo.

KAZI ILIYO YETU

Ziko kazi tatu ambazo sisi twaona ni za vioo na za kukeneka, nazo ziko karibu nasi.

Ya kwanza ni maji yenye floridi. Katika Bonde la Ufa, na hasa sehemu za Arusha, Meru na Manyara, visima vingi vina floridi kupita kile kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto huota meno ya kahawia, na wengine mifupa yao hupinda. Ni vyema kila mzazi ajue kwamba kuchemsha maji hakuiondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi huzidi kukolea. Lakini maji yaliyokenekwa huiacha nyuma. Wala si lazima kuyakeneka maji ya kufulia na ya kuoshea sakafu. Jamaa ya watu sita, kwa kunywa na kupikia tu, yatosheka na ndoo moja hivi kwa siku. Hiyo ni kazi ya beseni la kioo la mita za mraba tano au sita, lililojengwa na seremala wa kijijini. Hapa zile lita chache tulizozihesabu mwanzo zageuka kuwa meno meupe na miguu iliyonyoka ya mtoto.

Ya pili ni maji safi ya kazi za ufundi. Kila dereva na kila fundi wa gereji hununua maji ya betri. Maabara za hospitali na za shule hutaka maji yaliyokenekwa. Mara nyingi hukenekwa kwa umeme wa gharama au huletwa kutoka mbali katika chupa za plastiki. Shule ya ufundi yenye ua wa jua yaweza kuyatengeneza, na wanafunzi wakajifunza kwa mikono yao kile walichokisoma ubaoni.

Ya tatu, na huenda ndiyo kubwa kuliko zote, ni joto lenyewe. Tumezoea kudhani kwamba nguvu ni umeme tu. Lakini tazameni viwandani na majikoni: kazi nyingi hutaka moto na mvuke. Wapishi wa shule za bweni huchemsha maji toka alfajiri, nao hukohoa kwa moshi. Wafuaji wa hospitali hutaka maji moto, na vyombo vya mganga sharti vipitishwe kwenye mvuke. Viwanda vya kukausha chai na vya kukamua mafuta ya mimea huteketeza magogo kwa magogo. Hori la vioo haliwezi kuzifanya kazi hizo zote, wala siku zote. Lakini likiyapasha maji yaingie boilani yakiwa na nyuzi 80 badala ya 25, kuni zitapungua, na msitu uliobaki utabaki. Hatuna haja ya kungoja kilowati elfu; boila lililopo laanza kusaidiwa leo.

Tena pwani tunao watu wenye ujuzi ambao hatujawahi kuwauliza. Wenye mashamba ya chumvi, toka Bagamoyo hadi Kilwa na Lindi, hulitumia jua kila siku kuyakausha maji ya bahari. Wao huitaka chumvi na kuyaacha maji yaende hewani. Mkenekaji huyataka maji na kuiacha chumvi. Wakiwekwa pamoja, taka ya mmoja ni mali ya mwenzake. Maji makali yabakiayo katika mtambo, ambayo yakimwagwa ovyo huua mikoko na samaki, yaweza kuingizwa katika mabwawa ya chumvi yakamaliza kazi yake humo.

NANI ATAFUTA VIOO?

Tumefika kwenye swali la kichwa cha makala hii. Kila mtambo wa jua una siku mbili kubwa. Ya kwanza ni siku ya kufunguliwa, penye ngoma, utepe na picha. Siku ya pili haina ngoma. Ni ile asubuhi ya kawaida, miezi kadhaa baadaye, vumbi likiwa limekaa juu ya vioo, mpira wa bomba umepasuka, na aliyepewa ufunguo hayupo. Mitambo mingi haifi siku ya dhoruba. Hufa asubuhi hiyo.

Hata wakubwa hawakusalimika. Huko Ouarzazate, mwaka 2024, tangi la chumvi iliyoyeyushwa la mtambo wa tatu lilivuja, na mtambo ukasimama kwa muda mrefu. Nchi yenye wahandisi na fedha ilipata tabu hiyo. Sembuse kijiji kilichoachiwa mtambo na mgeni aliyekwisha kurudi kwao? Hatusemi hayo ili kuwatisha watu. Twasema ili gharama ya matengenezo iandikwe katika karatasi ile ile inayoandikwa bei ya kununulia, wala si baadaye.

Basi twatoa mashauri manne. Kwanza, popote patakapowekwa mtambo, wachaguliwe watu wa pale pale, wake kwa waume, wafundishwe kabla mtambo haujafika, na walipwe mshahara. Kazi ya kufuta vioo isiitwe ya kujitolea. Anayelinda maji ya watu mia tano anastahili ujira kama karani. Pili, mitambo ya kwanza iwe ya namna ambayo vipuri vyake hupatikana madukani petu: kioo cha dirisha, bomba la chuma, mbao, lami na koki. Kikivunjika kitu Jumatatu, kiwe kimetengenezwa Jumatano. Tatu, maji yapimwe kabla na baada, na hesabu ya lita ibandikwe ukutani kila mtu aione. Ikumbukwe kwamba kukeneka hakuzuii mafuta ya petroli na baadhi ya sumu zirukazo pamoja na mvuke; maji ya namna hiyo yasiingizwe kabisa. Nne, vyuo vya ufundi vijifunze kupinda hori na kupiga hesabu ya joto, ili atakapokuja muuzaji na mtambo wake akutane na watu wanaojua kuuliza.

Wachimbaji wa Las Salinas walikunywa maji yao kwa sababu kila siku palikuwa na mtu wa kukosha mabeseni. Mashamba ya Maadi yalikosa maji ya mtambo wao kwa sababu waliojua kuutunza walikuwa wamepanda meli. Hizo ndizo njia mbili zilizo mbele yetu. Jua litaendelea kuchomoza, tukijiandaa tusijiandae. Vioo vyaweza kununuliwa, na maarifa yamekwisha kupatikana zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kilichobaki ni kitambaa, ndoo ya maji, na mtu anayejua kwa nini anafuta. Mtu huyo haagizwi ng'ambo. Sharti tumlee sisi wenyewe.